Aliyekata Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Barakoa ana mimba. Si Barakoa mwenyewe wa kwenye katuni — yule hana hata pa kulala, sembuse mume — ni dada anayemwingizia sauti. Daktari kamwambia akae kitandani mpaka ajifungue, hataki kusikia habari za kupiga kelele za vita kutwa nzima. Bosi katutangazia asubuhi huku anatafuna kalamu. Zimebaki sehemu sita na wenye runinga wanazitaka kabla mwezi haujaisha.

Tukatoa pole na hongera kwa pamoja. Hatukujua ipi itangulie.

Mimi ndiye Mtoto wa Taa. Mvulana wa miaka kumi na tatu, anazunguka milimani na taa mkononi, anawinda mashetani. Mimi mwenyewe nina arobaini na nne na goti linaniuma. Lakini sauti za wavulana tunazifanya sisi wanawake. Ukiajiri mvulana wa kweli anabalehe katikati ya kazi, na hapo utamlaumu nani?

Bosi anasema Barakoa mwingine kashapatikana. Alimsikia kwenye tangazo la sabuni. Sauti nzito, safi, anaanza keshokutwa. Nikamwuliza ni nani. Akanitajia.

Ni mdogo wangu.

Nikasema sawa. Nikaingia chumba cha kurekodia nikapiga kelele zangu za vita. Fundi sauti akasema leo zimetoka vizuri kuliko siku zote.

Jumanne, 4 Machi

Niliandike hili mara moja, nisilirudie.

Mama alikuwa amelazwa. Macho yalishakwenda na kisukari, yamebaki masikio. Jioni ile hali ikabadilika, akawa ananiita mimi. Mdogo wangu akanipigia simu, akapiga, akapiga. Simu yangu ilikuwa kwenye kikapu. Ndiyo sheria ya studio: simu zote kikapuni mlangoni, zimezimwa. Na mimi ndani, usiku kucha, nilikuwa panya. Katuni ya watoto, panya anauza viatu. Mama ananiita, mimi panya!

Sauti zetu mimi na mdogo wangu ni moja. Marehemu baba alituchanganya kwenye simu mpaka siku yake ya mwisho. Basi mdogo wangu akatoka nje ya wodi, akarudi kwa mwendo wangu, akasema kwa sauti yangu: Mama, nimefika. Mama akamshika mkono, akamwambia yote aliyokuwa amenitunzia. Kisha akalala. Alfajiri hakuamka.

Nilifika jua limeshatoka. Muuguzi akanishika bega — pole dada, lakini shukuru Mungu, ulimuwahi mama yako. Nikamwambia sikumuwahi. Akasema alinisikia kwa masikio yake mawili.

Mdogo wangu akanieleza palepale koridoni. Kabla hajafika kwenye alichosema mama, nikamwambia anyamaze. Nikamwambia asinipigie tena simu maishani mwake. Ni mtiifu tangu utotoni, yule. Huu mwaka wa pili hajapiga.

Maneno ya mama anayo yeye. Ni yangu, na anatembea nayo mjini kama mkoba.

Alhamisi, 6 Machi

Hatukuonana. Kazi hii ina uzuri huo: kila mtu anarekodi kwa zamu yake, peke yake. Yeye jana, mimi leo. Mwenzako unamsikia kwenye hedifoni tu. Unamjibu, unampiga, unamzika, na hujui hata alivaa nini.

Hadithi yenyewe ni hivi. Zamani Barakoa alikuwa mlinzi wa kijiji. Mashetani yakaja usiku kwa njia ya daraja la kamba. Akalikata. Kijiji kizima kikapona. Ila juu ya daraja alikuwepo pia kaka yake Mtoto wa Taa, anakimbilia nyumbani. Barakoa akamwona, akakata hivyohivyo. Kisha akavaa barakoa akapotea. Leo, baada ya sehemu thelathini na kitu za kumtafuta, wamekutana.

Nikavaa hedifoni. Fundi akafungulia.

"Umekua," akasema mdogo wangu.

Mimi hapo nilitakiwa kucheka kwa dharau. Haikutoka. Fundi akarudisha nyuma. Umekua. Haikutoka. Umekua. Nilijiandaa kwa hasira, nilikuwa nayo ya kutosha, nimeiweka akiba muda wote huu. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka. Hivyo tu! Kama mtu aliyekumbuka maji. Nikakasirika upya kwa hilo, na kicheko cha dharau kikapatikana.

Mchana nilimchoma upanga. Mara ya kwanza fundi akasema haina pumzi. Ya pili niliwahi. Ya tatu kuna mtu aligonga mlango. Ya nne ikawa tamu. Akaniuliza hasira zote hizo nazitoa wapi. Nikamwambia mazoezi.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu ana vitabu vyote vya hadithi hii, vile vya michoro, vinavyosomwa kuanzia nyuma. Anajua mwisho. Nimemkataza kunisimulia. Kujikataza kusikiliza sikuweza, maana anazungumza na rafiki zake kwenye simu kama anahutubia mkutano.

Leo kaniuliza mezani kama ni kweli Barakoa mpya ni mama mdogo. Nikamwuliza kasikia wapi. Akasema kaambiwa na mama mdogo mwenyewe. Kumbe wanaongea! Siku zote! Yule aliambiwa asinipigie mimi, hakuambiwa asimpigie mwanangu. Na simu hiyo nainunulia vocha mimi.

Nikamwambia, kwa utulivu, kwamba Barakoa ni muuaji na mwongo na sielewi watoto wa siku hizi wanampendea nini. Wanajichora barakoa yake kwenye madaftari.

"Mama, alikata daraja ili watu waishi."

"Angeuliza kwanza."

"Angemwuliza nani? Kaka mtu alikuwa katikati ya daraja. Hasikii."

"Basi angesubiri."

"Wangekufa wote."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Si kila kitu kina upande, Mama. Ndiyo maana ni hadithi nzuri."

Nikamwambia aoshe vyombo. Akaosha huku anaimba wimbo wa katuni. Ana sauti yetu na yeye, maskini. Nimeisikia leo.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya mdomo. Yaani tumekaa na mfasiri kutazama mdomo wa Mtoto wa Taa kwenye onyesho la mwisho, pale anapomwambia Barakoa neno. Mdomo unafunguka mara nne, kisha unafumba, anageuka. Mfasiri alikuwa ameandika "Nimekusamehe kwa yote uliyotutendea." Fundi akaicheza. Mtoto kashafumba mdomo, kageuka, kaanza kupanda kilima, maneno bado yanamtoka mgongoni.

Bosi akasema ikatwe. "Nimekusamehe" peke yake. Bado ndefu. "Nasamehe." Mfasiri akasema hiyo ni ya mtu anayesaini karatasi. Mwisho akakiri kwamba kule walikoiandika, mtoto hasemi kusamehe kabisa. Anasema kitu kama "haya, twende." Yeye aliongeza msamaha mwenyewe kwa sababu watazamaji wetu wangetaka kujua kama kasamehe au la.

Fundi akacheka. Yeye ana nadharia yake. Anasema kwenye katuni hizi mhalifu hahitaji kutubu. Anahitaji kuonyeshwa utotoni kwake kwa dakika mbili, ana njaa, mvua inanyesha, kinanda kinalia nyuma. Kinanda kikiisha, keshasamehewa, anakuwa rafiki, sehemu inayofuata anapika. Hajawahi kuona aliyesamehewa bila kinanda.

Mfasiri akasema labda ndivyo ilivyo hata huku nje, ila kinanda hatukisikii.

Nikasema huku nje ukimwibia mtu kitu unakirudisha kwanza. Wote wakaniangalia. Kwenye katuni hakuna aliyeiba kitu.

Tumebaki na "Haya, twende." Mara nne, mdomo unakaa.

Halafu bosi, akitoka: mbona Barakoa mpya na Mtoto wa Taa wanafanana sauti? Jana aliwasikiliza macho kafumba, akadhani ni mtu mmoja anajigombeza. Nikamwambia labda ni maiki. Fundi akasema maiki zake hazina tatizo lolote, akanuna mpaka saa ya kutoka.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilikuwa ungamo la Barakoa. Amepiga magoti kwenye theluji, kavua barakoa, anamweleza mtoto kwamba kaka yake alimwona akiinua shoka. Mimi kazi yangu ni kupumua tu. Kupumua kwa mtu anayesikia jambo kama hilo. Tumetumia asubuhi nzima kwa pumzi.

Fundi alikuwa hajakata vizuri sauti ya jana. Kati ya mstari na mstari, mdogo wangu kabaki mle ndani, na mambo yake: anameza mate, anakunjua karatasi. Halafu anakwama. Kwenye mstari "sikupata muda wa kumwuliza," anakwama. Kisha kwa sauti ya kawaida, ya nyumbani kabisa: "Samahani. Naomba tuanze tena."

Alikuwa anamwambia fundi. Najua. Samahani ya kwanza kuisikia kwake tangu msiba na si yangu, ni ya fundi sauti!

Nikaomba tuirudishe. Fundi akauliza kwa nini, hiyo takataka anaifuta. Nikamwambia sikupata pumzi ya mwisho vizuri. Akarudisha. Nikamwambia bado. Akarudisha tena. Nilipoomba mara nyingine akavua hedifoni zake akaniangalia kama mtu anayehesabu mabao. Akauliza taratibu: huyo ni nani yako?

Nikamwambia. Kisha akasema basi maiki zake kweli hazina tatizo.

Jumatatu, 17 Machi

Mafua. Koo kama nimemeza msasa. Nimeenda kazini kwa ukaidi, nikafungua mdomo kusema "Shika taa!" ikatoka sauti ya mlango. Bosi kaweka mikono kichwani. Imebaki sehemu moja tu, ya mwisho, ndiyo yenye "haya, twende."

Kanirudisha nyumbani. Nisiseme hata neno mpaka Ijumaa.

Jumanne, 18 Machi

Sisemi. Binti anafurahia. Naandika kwenye karatasi "zima hiyo simu" na yeye anajifanya hajui kusoma.

Jumatano, 19 Machi

Fundi kanipigia mchana. Akasema najua huwezi kujibu, sikiliza tu, ukielewa gonga simu na kucha. Nikagonga.

Akasema jana bosi alichanganyikiwa na tarehe. Akamwita mdogo wangu. Akamwambia kwa kuwa sauti zenu ni moja, na dada yako mgonjwa, tusisumbuane: simama hapo umalize na mistari ya Mtoto wa Taa. Mistari michache tu. Mtazamaji hatajua, runinga hawatajua, hata dada yako mwenyewe akisikia atadhani ni yeye.

Mdogo wangu akasema hapana.

Bosi akadhani hakuelewa, akamweleza tena. Akasema hapana. Bosi akapandisha: mkataba unasema hivi, mkataba unasema vile, nikitaka naweza kumtafuta Barakoa mwingine na sehemu zako zote zikarekodiwa upya. Mdogo wangu akavua hedifoni, akaziweka mezani. Akasema atafute. Akasema yeye alishawahi kusema kwa sauti ya dada yake mara moja, hatasema tena, hata kama ni kikohozi. Akachukua mkoba akaondoka.

Fundi akaniuliza kama nimeelewa. Nikagonga.

Jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Nilitaka kumwuliza: leo ndiyo umejua? Kwenye katuni ndiyo umejua? Kwa mtoto wa michoro anayewinda mashetani unakataa, kwa mama ulikubali? Nikazunguka sebule mara nyingi mpaka binti akanyanyua miguu yake kwenye kochi nipite.

Halafu nikakaa. Nikajaribu kumfikiria amesimama pale mlangoni mwa wodi. Mama anaita jina langu. Simu inaita haipokelewi. Nikajiuliza mimi ningefanya nini, na jibu nililipata haraka kuliko nilivyopenda. Ningeingia kwa mwendo wake. Ningesema nimefika.

Lakini ningemwambia dada mtu alichoambiwa! Ningemwambia hata kama ananifokea. Sivyo? Binti alikuwa ananiangalia. Nikaandika kwenye karatasi: "Ulishawahi kumwuliza mama mdogo bibi alisema nini?" Akasoma. Safari hii alijua kusoma. Akasema aliuliza. Akajibiwa kwamba si yake, na kwamba mwenyewe akitaka atakuja kuchukua.

Nimelia. Bila sauti, maana sauti sina.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemtumia bosi ujumbe. Kesho naja, sauti itakavyokuwa ndiyo hiyohiyo. Na mdogo wangu arudi, asifukuzwe mtu. Na kwa kuwa muda hakuna, turekodi pamoja, chumba kimoja, maiki mbili.

Bosi kajibu: Mungu akubariki. Fundi kajibu, wala sikumwandikia: nitaleta maji ya moto.

Binti anataka kuja. Nimekataa. Kauliza kama anaweza kumwambia mama mdogo avae nini. Nimekataa na hilo.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa studio, kwenye benchi la koridoni. Bosi katupa mapumziko, yeye na fundi wamejifungia wanasikiliza tulichorekodi.

Nianze mwanzo. Nilifika, yeye keshafika. Kakonda. Kavaa blauzi ya kijani, ileile binti aliyotaka kumtajia nikakataa, maana niliinunua mimi. Akasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Ikatoka yenyewe, kwa sauti ya mlango. Mtu hawezi kuizuia ile, hata awe na kinyongo cha ukubwa gani. Baada ya hapo tukaweka simu kikapuni, yangu juu ya yake, tukaingia.

Bosi alitaka na lile ungamo lirudiwe tukiwa pamoja. Kumwona mtu akifanya Barakoa ni kitu kingine. Anapiga magoti kweli. Anafumba jicho moja akitafuta sauti, kama mama alivyokuwa akitunga uzi kwenye sindano siku za macho yake. Alipofika "sikupata muda wa kumwuliza" hakukwama. Aliusema akiniangalia mimi, na skripti kaishusha. Nilipumua. Hiyo pumzi fundi hakuomba irudiwe.

Kisha mstari wangu. Mtoto anamtazama aliyekata daraja. Theluji. Kinanda bado hakijawekwa, kitawekwa baadaye, kwa hiyo palikuwa kimya tu na feni imezimwa. Mdomo ukafunguka.

"Haya, twende."

Kwa koo lile lilitoka kama gogo linaburutwa. Nikajua bosi atasema tena. Hakusema. Kupitia kioo nilimwona kashika kalamu hajaitafuna.

Sasa ndiyo mapumziko. Nimekaa hapa, yeye kasimama pale karibu na dirisha, anajifanya anasoma tangazo la zima moto. Nikamwita. Akaja. Nikamwuliza, sikuzunguka, koo halina nafasi ya kuzunguka: mama alisema nini?

Hakushtuka. Akaangalia mikono yake. Akasema anayo yote. Akasema hajaongeza wala kupunguza, kila siku anayarudia akiwa bafuni, maji yakiwa yanatiririka, ili asidondoshe neno. Akasema mwanzoni aliyarudia kwa sauti yake, yakawa yanageuka, yanakuwa maneno yake yeye. Ikabidi ayarudie kwa sauti ya mama. Vile mama alivyotamka, pale alipopumzika, pale alipocheka kidogo. Hivyo ndivyo yalivyokaa.

Kisha akaniuliza, taratibu sana:

"Nikupe kwa sauti yangu, dada? Au kwa yake?"

Nikamwangalia. Anaiweza. Najua anaiweza, tangu watoto alikuwa anatuchekesha nayo jikoni, na mama mwenyewe anageuka kuangalia nani kachukua sauti yake.

Akaongeza kwamba hajawahi kuifanya mbele ya mtu yeyote tangu siku ile, na hataifanya mpaka mimi niseme. Safari hii anauliza.

Nikisema kwa ya mdogo wangu mwenyewe, nitapata maneno na mama sitamsikia tena. Nikisema kwa ya mama, nitakuwa nimemtuma kwa mdomo wangu kufanya lilelile nililomfukuzia. Na nitalifurahia. Na nitataka arudie.

Kioo cha mlango kimegongwa, fundi anaonyesha kidole gumba, bosi karidhika. Hatuhitajiki tena ndani. Tunaweza kuchukua simu zetu na kwenda. Hakuna aliyesogea.

Mdogo wangu amekaa kwenye benchi, mwisho kule, mikono magotini. Haulizi naandika nini, ananijua. Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia sentensi. Sentensi yenyewe imeisha zamani.